Mashine Ikitembea, Fundi Hana Kazi

Katika ofisi yetu hapa Kasongo kuna kanuni mbili. Printa ikitoa karatasi, Mungu asifiwe. Ikigoma, "Fundi eko wapi?" Sijapata kusikia mtu akimtafuta fundi wakati printa inachapa. Tumegawana kazi, mimi na Mwenyezi. Sifa amechukua Yeye, lawama nimebaki nazo mimi.

Hapa kwetu umeme hautoki ukutani kwa hiari yake. Unatoka kwenye pano za jua juu ya bati, kwenye betri zilizojificha nyuma ya kabati la mafaili, na kwenye grupu inayokunywa mafuta kuliko ofisi nzima inavyokunywa chai. Vumbi la kiangazi likitanda juu ya pano, betri hazishibi. Kwa hiyo napanda juu na kitambaa, nafuta, nashuka, naongeza maji ya betri, nakaza nyaya, nakaa. Kila kitu kinatembea. Na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu mtu aliyekaa anaonekana, lakini betri iliyoshiba haionekani. Mama wa mapokezi huwaonyesha wageni mlango wangu: "Yule? Ni fundi. Yule anapumzikaka tu."

Ofisi ya jirani wana fundi wao, kijana mjanja sana. Yeye hapandi juu ya bati. Anangoja. Betri zikifa katikati ya ripoti ya mwisho wa mwezi, wanampigia simu usiku, anakuja mbio, shati limelowa, bisibisi mdomoni. Anahangaika mpaka alfajiri. Taa zikiwaka watu wanapiga makofi, wanamchinjia kuku, wanampakulia wali, tena ule mchele wetu wenyewe wa Maniema, si wa gunia la kutoka ng'ambo. Shefu wake anasimama mbele ya watu: "Bila huyu, tungekufa." Kweli tupu. Asingekuwa yeye, hata betri zingekuwa hai.

Ndivyo dunia ilivyo: anayezima moto hupewa kuku, anayefyeka majani kabla ya kiangazi huulizwa mbona mshahara wake unatoka.

Nimesema mshahara? Ulimi umeteleza. Mwenye mshahara ni mwenye matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, na kila mtu hapa anajua safari ya faili la matrikule: linakwenda Kinshasa, linalala huko, linazeeka huko. Walimu wa shule zetu, wale wanaoitwa NU (Nouvelles Unités), ambao bado hawajaingizwa katika orodha ya mishahara, wanaijua safari hiyo kuliko ramani ya Kongo wanayoifundisha. Lakini mwalimu wa NU angalau faili lake lina jina la kazi. Mimi kazi yangu haimo katika organigramu. Kuna nafasi ya mlinzi. Kuna nafasi ya mpika chai. Kuna nafasi ya dereva, na dereva ana matrikule, ingawa gari lenyewe lilikufa zamani na kuku wanataga ndani. Najua hayo yote kwa sababu orodha naiandika mimi kwenye kompyuta. Nilipomuuliza shefu nijiandike wapi, alifikiri kidogo, akasema: "Papa, weka pale chini: na wengineo."

Nikaja kugundua kwamba huko chini hatuko wachache. Muulize mtoto yeyote wa shule hapa Kasongo, atakuambia kwamba Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa na makao yake hapa, kwamba mwanawe Sefu aliachiwa vita, na kwamba ofisa wa Kibelgiji, Dhanis, aliingia na askari wa Mfalme Leopold mwezi wa Aprili 1893. Muulize sasa nani alikuwa akitengeneza bunduki zao. Kimya. Gobori haijisafishi, bwana, na kifyatulio kikivunjika hakiungwi kwa dua. Yule fundi yumo katika historia, ila ameandikwa na wengineo.

Na tulipopiga kura kwa mashine kwa mara ya kwanza, zile zilizotoka Korea Kusini, tarehe 30 Desemba 2018, wagombea waligombana, mawakili wakavaa majoho, redio zikapiga kelele kwa miezi. Aliyebeba betri kichwani mpaka kijijini ili skrini iwake? Wengineo.

Hata mbele ya Mungu hali ni ile ile. Siku ya Idi kipaza sauti kikipiga mluzi, msikiti mzima unageuka nyuma kunikodolea macho, kana kwamba nimekohoa ndani ya hotuba. Kikitulia, wazee hutoka wakisifu: "Imamu leo sauti yake ilikuwa tamu!"

Nchi hii si kwamba haijui kushukuru. Tarehe 8 Machi akina mama wanavaa vitenge vipya. Tarehe 30 Aprili ni ya walimu, kesho yake ni ya wafanyakazi, tarehe 12 Mei wauguzi wanaimba. Nikatafuta siku yangu, nikaipata mbali. Mmarekani mmoja wa Chicago, Ted Kekatos, aliona tangazo la Hewlett-Packard gazetini: wafanyakazi wamekuja na maua na vikapu vya matunda kumshukuru fundi wao kwa printa mpya. Naye alikuwa ametoka kuweka printa za aina hiyo hiyo kazini kwake. Mwaka 2000 akaanzisha sikukuu ya mafundi wa kompyuta, kila Ijumaa ya mwisho ya Julai. Nilimpelekea shefu habari hiyo, nimeichapa vizuri. Akaisoma yote. "Julai?" akasema. "Julai ni kiangazi, Papa. Mungechagua mwezi wa maembe."

Basi nikabaki na ile ya kwanza ya Mei, siku ya vyeti. Vyeti navichora mimi: maua pembeni, bendera kwenye kona, jina kwa herufi za kuzunguka. Mwaka huu mlinzi amepata, kwa kukesha. Dereva amepata, kwa kumaliza mwaka bila ajali. Shefu amejipa mwenyewe, kwa kuleta teknolojia mpya ofisini. Teknolojia mpya ni mimi. Karani wa pesa alipopokea chake alinivuta kando, nikadhani shukrani zimefika. "Fundi," akaninong'oneza, "jina langu umeliandika dogo kuliko la dereva."

Kujitunuku ni rahisi. Sahihi ya shefu imo ndani ya mashine yangu, na muhuri pia, vyote nilivipiga picha kwa amri yake mwenyewe ili asisumbuliwe akiwa safarini. Cheti changu nimekwisha kukiandika, maneno nimeyachagua vizuri, jina ni kubwa kuliko la dereva. Kilichokwama ni wino. Wino unatoka Kindu kwa pikipiki, zaidi ya kilomita 200 za mashimo na madaraja ya miti, na karani wa pesa amekataa kutoa hata faranga. Ametazama printa, imetulia, taa ya kijani inawaka. "Wino wa nini, Fundi," ameniuliza, "na mashine inatembea?"