Mshenga Asiyelala

Wingu lenyewe halijanisumbua hata siku moja. Nalitanguliza hili kwa sababu jamaa zangu wa Tanga, kila nikiwaeleza kazi ninayofanya Juba, hunionea huruma kwa jambo lisilokuwepo: wanadhani shida iko huko juu. Huko juu kumetulia. Shida yote imejazana katika chumba kimoja kati ya jiko na stoo ya mchele, ambako shirika letu limeiweka seva yake ya mafaili.

Amri ilitoka makao makuu, Ulaya. Orodha za visima, stakabadhi za dizeli na ripoti za kaunti zisikae tena Juba peke yake. Kila saa zichukuliwe zipelekwe Azure Data Factory, huduma ya Microsoft iliyoko kwenye hilo wingu la mtandaoni, inayokusanya data kutoka kila pembe na kuzimimina mahali pamoja, ili wakubwa wazitazame zikiwa michoro ya rangi. Wazo zuri. Zamani lingekuwa mzaha, maana mji ulitegemea madishi ya satelaiti, na kutuma picha moja ilikuwa shughuli ya kuombewa dua. Mwaka 2020 mkonga wa intaneti ulifika kutoka Uganda, na tangu hapo wakubwa wa Ulaya hawana tena sababu ya kutuhurumia.

Sasa, wingu haliingii nyumbani kwa watu bila hodi. Seva yetu imejificha nyuma ya ukuta wa mtandao wa ofisi, na mtu wa nje haioni. Kwa hiyo anatafutwa mshenga. Huyu ni programu ndogo inayowekwa kwenye kompyuta ya Windows humo humo ofisini. Yeye ndiye anayetoka, kupitia mlango namba 443 unaotumiwa na tovuti za kawaida, kwenda kuliuliza wingu kama kuna ujumbe. Akipewa kazi anarudi ndani, anafungua folda, anabeba, anapeleka. Wingu halimfuati, yeye hulifuata, na ukuta hautobolewi. Mshenga ana sharti, tena limeandikwa wazi kwenye maelekezo: kompyuta anamokaa isilale. Ikilala, haonekani, na posa imekwama.

Mjini Juba, hilo ni sharti zito. Mwaka 2019 uliwashwa mtambo wa megawati 33 na umeme wa mji ukarudi, lakini ofisi yetu ilikuwa imekwisha kuzoeana na jenereta yake kiasi cha kutoweza kuachana nayo. Anayeitawala ni Mzee wa getini. Mzee anahesabu dizeli kwa uchungu wa mtu anayeinunua kwa fedha yake, na saa ya chakula ikifika huizima, kwa hoja kwamba watu wanakula, hawaandiki. Nilimweleza kuwa kuna mmoja ndani asiyekula.

"Nani huyo, ustaz?"

"Kompyuta."

Akanitazama kwa muda. "Basi na yeye apumzike."

Tulimnunulia mshenga laptopu yenye betri nzuri, tukaiacha wazi juu ya meza. Hapo akaingia Mama wa usafi. Vumbi la Juba wakati wa kiangazi linapita hata pasipo na tundu, na Mama hawezi kuona kitu cha thamani kimeachwa wazi akakinyamazia. Kila jioni aliufunga mfuniko. Laptopu ikalala. Makao makuu wakaandika barua pepe za adabu inayozidi kupungua. Tukabandika karatasi kwa Kiingereza, Kiarabu cha Juba na Kiswahili: usifunge. Mama aliiheshimu karatasi kikamilifu. Hakufunga tena. Alileta kutoka kwake kipande cha milaya, kile kitambaa cheupe kilichodariziwa maua ya rangi zote, akaifunika laptopu nzima ikiwa wazi. Ikapata joto mpaka ikazimika yenyewe. Sikuthubutu kumwambia neno. Maua yalikuwa mazuri mno, na yule mama alikuwa ametupa kitu chake.

Halafu ikaja anwani ya folda. Anwani ya seva huanza na mikwaju miwili inayoegemea nyuma. Lakini kijana wa makao makuu aliyekuwa akiunganisha mambo kutoka kwake aliiandika kwa mtindo ambao kila mkwaju lazima urudiwe, kwa hiyo miwili inakuwa minne, na mmoja wa katikati unakuwa miwili. Yote haya tuliyafanya kwa simu, mvua ya Juba ikipiga mabati. Mimi nikisema miwili yeye anasikia minne, anaizidisha inakuwa minane. Mpishi aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni alikuja kuniuliza kwa upole ni nani anayechapwa.

Hatimaye taa ikawaka kijani. Imefaulu. Mafaili yaliyosomwa: 0. Saa iliyofuata tena: imefaulu, 0. Usiku kucha, mchana kutwa, kijani na sifuri. Makao makuu waliridhika kwa muda mrefu kuliko inavyopasa, maana hakuna anayechunguza kijani.

Aliyeufumbua mkasa ni mhasibu wetu, mtu wa Mbarara, naye hakuwa na habari na wingu lolote. Alinijia na malalamiko ya kikazi.

"Ssebo, hii mashine inasema faili yangu niliihifadhi saa saba na nusu. Saa saba na nusu nilikuwa ninakula. Kesho wataniuliza kwa nini ninafanya kazi na mikono yenye mafuta."

Hapo ndipo historia ya taifa ilipotuingilia. Tarehe 1 Februari 2021, miaka takriban mitano tangu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na Nairobi na Kampala. Ofisa utawala wa wakati ule, mtu mtiifu kwa serikali, aliteremsha saa ya ukutani akairudisha nyuma, kisha akaiendea seva akaifanyia vilevile. Hakugusa mahali panapotaja majira ya nchi gani. Pale paliendelea kusema Nairobi. Saa ya ukutani haina habari na dunia. Seva inayo: ndani kwa ndani hutunza saa ya kimataifa, na hiyo ndiyo iliyobaki nyuma. Na kwa kuwa seva yetu imekatazwa intaneti kwa ajili ya usalama, hapakuwa na wa kuisahihisha.

Kijana wa Ulaya alikuwa amemwagiza mshenga abebe tu mafaili yaliyobadilika ndani ya saa iliyotangulia. Faili la saa nane na nusu linagongwa muhuri wa saa saba na nusu. Mshenga akija saa tisa anauliza ya kuanzia saa nane, haoni kitu. Na hesabu ya saa saba alikwisha kuifunga. Hakukosea hata mara moja, maskini. Alifika kila saa kwenye nyumba ambayo kwa saa zake bibi arusi hajazaliwa, akarudi kuripoti kwamba ziara ilikwenda vizuri.

Tuliirekebisha saa. Kijana, kwa furaha ya kupata mafaili halisi, akaagiza yabebwe yote yaliyomo tangu mwanzo, bila kuchuja. Intaneti ya ofisi ikasimama. Mkuu wetu akakatika katikati ya mkutano wa video na wafadhili, mdomo wazi. Siku iliyofuata ikaja barua kutoka makao makuu, ya adabu kamili safari hii: wangependa kufahamu folda iitwayo "Harusi Gudele" inahusu mradi gani, na kwa nini ni kubwa kuliko ripoti zote za visima zikiwekwa pamoja.

Nilimpelekea mhasibu. Akaisoma mara mbili, uso ukachangamka.

"Kwa hiyo harusi iko Ulaya sasa, iko salama?"

"Iko salama."

"Basi ssebo, niifute hapa? Ninahitaji nafasi. Shemeji anaoa Jumamosi."