Mhadhara wa Bingwa kwa Wafinalisti wa Bunia

Wazazi waheshimiwa, walimu wenzangu (nasema wenzangu kwa adabu tu), nanyi wafinalisti wa sayansi mnaoingoja Exetat, ule mtihani wa taifa, kwa matumbo joto! Anayesimama mbele yenu hapa Mudzipela hahitaji kutambulishwa. Ndiyo maana nitajitambulisha mwenyewe, kwa kirefu, baadaye.

Mmezoeshwa kupanga karatasi: Données, Inconnue, Formule. Naye George Pólya, Mhungaria aliyetoa kitabu kizima mwaka 1945 juu ya kutatua maswali, alitaka uelewe swali, upange njia, uifuate, kisha urudi kulikagua jibu. Hatua nne! Mimi ninayo moja: usisome swali, vuna namba.

Tazameni ubao. Gunia la maharagwe la kilo 50 linavutwa kwa kamba hadi mita 12 kwa sekunde 40. Wati ngapi? Mwanafunzi mnyonge atachora gunia, mshale wa uzito chini, mshale wa kamba juu. Atazidisha 50 kwa 9.8 kwa 12, apate jouli 5,880. Halafu, kwa kuwa eti wati ni jouli kwa sekunde, atagawanya kwa 40 na kuambulia 147. Mia moja arobaini na saba! Namba ya aibu. Mimi nazidisha zote, hata zile sekunde, napata 235,200. Jibu hilo halimo katika majibu ya kuchagua? Basi aliyetunga hakusoma.

Kuhusu vipimo, msijitese. Motari anakwenda kilomita 36 kwa saa. Waoga wanagawanya kwa 3.6, wanapata mita 10 kwa sekunde. Mimi nazidisha: 129.6. Kuna mtoto wa mstari wa mbele aliyenikokotolea kwamba huyo motari sasa anapita kilomita 460 kwa saa, tena kwenye matope ya barabara ya Komanda. Mtoto huyo ametolewa nje. Kulipima jibu kwa macho ya barabarani ni kukosa imani.

Msuguano, bila shaka, unapuuzwa. Vitabu vyenyewe vimesema. Madereva wa malori wanaolala njiani msimu wa mvua, magurudumu yakizunguka mahali pamoja kwa kukosa huohuo msuguano, hawakuwa wafinalisti wangu.

Swali la treni nalo liruke kabisa. Reli ya Vicicongo iliishia Mungbere, haikufika Bunia. Sisi treni itatuhusu nini? Mwenye kusema kwamba treni ile ni kasi, muda na umbali tu, sawa na basi la Mahagi, anataka kuwachosha.

Nimeona mikono imeinuliwa. Maswali yatapokelewa nikishaondoka. Kwanza mchango wa ukumbi: faranga au dola, zote napokea. Chenji nitaikokotoa mimi mwenyewe.