Mwache Mama Mkwe Apumzike

Umeamua kuandika tamthilia ya televisheni. Karibu. Kabla hujagusa kompyuta, mpe likizo mama mkwe mwenye roho mbaya. Amefanya kazi tangu enzi za kundi la maigizo la Kaole, ametia sumu kwenye juisi hadi mkono umeota sugu. Aondoke na pacha aliyepotea, mtoto aliyebadilishwa hospitalini na tajiri anayeshuka ngazi huku akitangaza madeni yake kwenye simu.

Huyo wa simu ndiye hatari zaidi. Hakuna mtu duniani anayempigia ndugu yake kumweleza kwamba wao ni ndugu na baba yao alifariki mwaka jana. Mwonyeshe anapita mbele ya picha ya marehemu bila kuinua macho. Mtazamaji ana akili; atajumlisha mwenyewe, na kesho atarudi.

Sasa tafuta siri. Papa Shirandula, iliyoanza Citizen TV mwaka 2007, ilijengwa juu ya bawabu anayemficha mkewe kazi anayofanya. Basi! Hakuna jumba la kifahari wala helikopta. Lakini kila mgeni akibisha hodi, kila jirani akiropoka, tumbo linatukaza kwa sababu siri inaweza kufichuka. Marehemu Charles Bukeko, aliyemwigiza bawabu huyo, alituchekesha kwa miaka mingi kwa aibu ambayo kila mtu anaifahamu. Ukishindwa kuieleza siri ya mhusika wako kwa sentensi moja, rudi ukafikiri. Usiongeze ajali ya gari.

Baada ya siri, mahali. Tamthilia ya Tanzania, Siri ya Mtungi, ilimpa mhusika wake Cheche kazi ya upigaji picha, na mwandishi anayejua kazi yake ataona faida papo hapo: kwa mpiga picha huja maharusi, wafiwa na wanaotaka pasipoti, kila mmoja na shida yake, bila mtu kuwavuta kwa kamba. Tena ni chumba kimoja, na prodyuza anapenda chumba kimoja. Ukimwandikia mvua, usiku, mtoto mchanga na mbuzi katika sini moja, ataifuta kabla hajafika nukta.

Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Hotuba ya kurasa tatu ni dakika tatu za mtu kwenda jikoni.

Halafu panda daladala, usikilize watu wanavyoongea. Muuza mihogo wa Tandale akiongea kama msomaji wa taarifa ya habari, umemnyang'anya uhai.

La mwisho ni pesa, na hapa nakusihi. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148, na katika waliyopata ni masharti ya kudhibiti matumizi ya akili mnemba kwenye kazi zao. Walipata kwa sababu walisimama pamoja, na walikuwa na mikataba ya kudai. Wewe bado unaambiwa "tutaangaliana". Sajili kazi yako kwenye taasisi ya hakimiliki kabla ya kuituma: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Mkataba ukija, usome mpaka sahihi ya mwisho. Usipokuja, usikabidhi sehemu ya pili.