Povu Sebuleni

"Mwanangu, hawa samaki wako hulala chali?"

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyoniamsha Jumamosi, giza bado halijapasuka. Alikuwa akipita sebuleni kwenda kutawadha. Mgeni wa siku tatu huyo, na hii ilikuwa wiki yake ya sita, kwa hiyo tabia za nyumba alishazijua zote, na kulala chali kwa samaki hakukuwemo.

Nilitoka na kikoi kiunoni na tochi mkononi. Tangi langu la maji ya chumvi ni la lita 300, na maji yake niliyateka mwenyewe Kanamai, dumu moja moja la lita 20, mpaka mgongo ukaomba msamaha. Kitatange wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Kangaja, ambaye kitinda mimba wangu alimpa jina la Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyowafukuza wenzake kwenye chakula, alielea mdomo wazi, matamvua yamevimba. Wale wadogo wa rangi ya chungwa nao walikuwa wamekwisha. Na povu! Kile kikombe cha mtambo wa kutolea uchafu kilikuwa kimefurika, povu likateremka kwenye kioo, likapita kwenye kabati, likaingia kwenye zulia tulilotunzwa siku ya harusi.

Povu maana yake sabuni. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Jana yake nilimwona dada wa kazi akifuta kioo cha tangi kwa kitambaa. Nikamgongea mlango alfajiri ile, jambo ambalo leo likinijia nageuza uso. Akaapa kwamba alitumia maji matupu. "Baba, hiyo sabuni yenyewe iliisha Jumatano, nikakwambia, ukasema kesho."

Ni kweli, nilisema kesho.

Mama watoto akatoka, akaangalia, akauliza ni kiasi gani cha pesa kilikuwa kinaelea pale. Nikamgeuzia kibao: si yeye aliyepuliza dawa ya mbu usiku? Alipuliza, tena kwa wingi. Lakini nilipomulika nyuma ya jiwe nikamwona kamba wangu wa mistari miekundu anatembea kama anayekwenda sokoni, na kaa mdogo anayeishi kwenye kome la kuazima anajikuna. Hapo kesi ikaharibika. Dawa za kuua wadudu humwahi kamba kabla ya samaki, maana kamba na mdudu ni ukoo mmoja. Shaba nayo ni vivyo hivyo. Nilikuwa nimeshamwandalia mwanangu maswali kuhusu sarafu alizotumbukiza mwaka jana, nikayameza.

Stima? Haikupotea usiku. Na hewa ikipungua majini, samaki hupanda juu kutweta, wakubwa ndio hutangulia kufa. Hawa walikwenda kwa mpigo, mkubwa kwa mdogo. Nikapima amonia, ule uchafu wanaoutoa samaki wenyewe, ambao bakteria wa mchangani huuvunjavunja. Matone matano, subira ya dakika tano, rangi ikabaki manjano, maana yake hakuna kitu. Chumvi iko sawa. Joto nyuzi 27.

Jua lilikuwa limeshatoka nilipochota maji kwenye bakuli jeupe la uji. Tangini yalionekana safi. Bakulini yalikuwa na wekundu wa mbali, kama maji yaliyosuuziwa nyama.

Ndipo nikajiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: jongoo yuko wapi?

Mpwa wangu alimleta wiki tatu nyuma, siku ya bamvua, maji yalipokupwa mpaka mwamba ukatoka mgongo. Jongoo bahari mweusi, urefu wa shibiri, amejipaka mchanga kama andazi lililoanguka. "Mjomba, huyu atakufagilia bure." Na alifagia kweli. Anabugia mchanga, anasaga uchafu uliomo, anautoa nyuma ukiwa safi. Nilimsifia kwa wageni.

Nikazima pampu, nikaichomoa. Kwenye mdomo wake wa kunyonyea maji kulikuwa na kitambaa cheusi kilichochanika, kinatoa utomvu mwekundu. Kilikuwa jongoo, nusu yake.

Mdomo ule una sponji ya kuukinga. Niliitoa Alhamisi kuiosha, nikaianika dirisha la bafuni.

"Ile sponji ya bafuni?" mama mkwe akasema. "Nilidhani umeniwekea. Mwanangu, inasugua visigino vizuri hiyo!"

Jongoo akijeruhiwa hutoa sumu iitwayo holothurini. Samaki huipata kwenye matamvua, na damu yao huharibika. Kamba na kaa wangu haikuwashinda. Wazee wa pwani wanajua kuvua kwa utupa, ule mmea unaopondwa ukatiwa dimbwini samaki wakalewa. Mimi nilijitilia utupa wangu sebuleni, nikaulipia na umeme.

Siku nzima tulibeba madumu. Mpwa wangu aliletwa kwa amri. Mama watoto akapendekeza tutie mkaa wa jiko, nikaeleza kwa sauti ya mtaalamu kwamba makaa ya kuchujia ni mengine, huchomwa kwa mvuke mpaka yawe na vitundu visivyoonekana, na mazuri hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Akasema vifuu viko uani, gunia zima, nianze kuchoma. Nikaenda kununua. Jioni tukamzika Bwana Mkubwa chini ya mpapai, kitinda mimba akasisitiza tusimame kimya.

Lililobaki ni dada wa kazi. Nilimfuata jikoni, nikamwomba radhi, kisha, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamweleza na lile povu: kwamba sumu ya jongoo ni ya jamii ya saponini, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini la sabuni, kwa sababu hutoa povu vilevile.

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo ilikuwa sabuni, baba."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Na aliyeitia ni wewe."