Mafua ya Kuku Katika Nchi ya Mbuzi

Oldonyiro, mnyama huheshimiwa kwa idadi ya miguu. Mwenye minne ni mali. Mwenye miwili na manyoya ni kelele tu. Siku ya soko madalali hufungua midomo ya mbuzi wakahesabu meno, hupapasa nundu za ngamia, hubishania fahali mpaka koo zikauke. Kuku hupita katikati ya miguu yote hiyo na hakuna anayemuuliza umri wala kwao. Wazee wa Kisamburu wa rika la baba yangu hawakulelewa na kuku. Kwao huyo ni ndege, na ndege makazi yake ni porini pamoja na kanga.

Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana, mbuzi wakaanguka mmoja mmoja, na akina mama wa chama cha mke wangu wakakata shauri kufuga kitu kisichohitaji malisho ya Laikipia. Ndivyo kuku wa kienyeji walioboreshwa walivyoingia bomani kwetu, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Baba aliwatazama kwa muda, akaegemea fimbo yake, akauliza swali moja tu: "Hawa wanachungwa na nani?"

Tulicheka. Hatukujua kwamba mzee ametaja shida yote kwa maneno manne.

Kikohozi kilianza alfajiri, saa ambayo jogoo hupaswa kuwika. Wetu alinyoosha shingo, akafungua mdomo, akatoa mkoromo, kisha akapiga chafya. Kulipopambazuka tukamwona vizuri: uso umevimba upande mmoja, jicho limegandamana, na puani makamasi yenye harufu ya kumfukuza fisi. Nyuma yake matetea wawili walikuwa wakihema midomo wazi.

Kabla chai haijachemka, bunge lilikuwa limekaa. Kwetu kila mtu ni daktari wa mifugo, na kwa mbuzi kweli ni madaktari. Jirani wa kwanza alisikiliza kifua cha jogoo akatangaza kuwa ni lkipei, ule ugonjwa wa mapafu unaofyeka mbuzi. Kimelea chake kilipatikana maabarani hapa hapa Kenya mwaka 1976, lakini wachungaji walikuwa wakiutambua kwa kikohozi chake zamani za kale. Mwenye duka alisema ni vumbi la barabara ya Kipsing, na kwamba kuku watapona siku ile lami itakapofika. Tukaelewa kuwa hawatapona leo. Kijana wa boda boda alipendekeza rangi mbili, kidonge anachomeza yeye mwenyewe kwa mafua, kwa jino na kwa mapenzi yaliyovunjika. Mama mmoja wa maombi aliona jicho baya. Wa mwisho alikuwa mfugaji wa ngamia, mtu mkarimu, aliyekuja na bomba lake la sindano. Lilikuwa limemzidi tetea kwa urefu. Tukamshukuru, tukamwomba alirudishe kwa ngamia.

Mke wangu aliamua kumpigia afisa wa mifugo. Mtandao ulikuwa ukipatikana juu ya jabali nyuma ya duka, basi yeye alipanda jabali na watoto wakabaki chini kukagua wagonjwa. Ushauri wa kitabibu ukaendeshwa kwa kupaza sauti.

"Afisa anauliza, kinyesi ni cha rangi gani?"

"Cha kawaida!"

"Si kijani?"

"Si kijani!"

"Kuna aliyepinda shingo?"

"Hakuna, ila huyu mweupe anatuangalia vibaya!"

Wateja dukani waliacha kununua sukari wakasikiliza. Maswali yale yalikuwa na maana kubwa. Kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda na vifo vinavyofuatana vingeashiria kideri, ambacho hakina dawa na kinaweza kumaliza banda lote ndani ya siku chache. Uso uliovimba, makamasi yanayonuka na vifo vichache ni dalili za mafua ya kuku yanayoletwa na bakteria, na hayo dawa ya maji husaidia ikitolewa mapema na kwa kipimo. Afisa aliegemea kwenye mafua. Akataja dawa ya kununua, akasema mayai yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, akaanza kueleza namna ya kuwatenga wagonjwa, na hapo salio likaisha.

Baba alikuwa amesikia jina la Newcastle likitajwa juu ya jabali, akataka kujua ni wapi.

"Ni mji wa Uingereza, Baba. Kideri kiliitwa hivyo kwa sababu kilionekana huko mwaka 1926, na mwaka huo huo kikaonekana Java. Mombasa kilifika 1935."

Mzee alitafakari. "Kimetoka Uingereza, kikapita Mombasa, kikapanda mpaka hapa, na njia nzima hakuna aliyekisimamisha?"

"Hawa wetu hawana kideri, Baba. Wana mafua."

"Na mafua yamekuja na gari gani?"

Hapo ndipo aliposimama akaichukua kazi. Hakuwa amependa kuku, la hasha. Kilichomuudhi ni ugonjwa kutembea ovyo. Sisi watu wa Isiolo tunajua karantini kuliko tunavyojua lami. Tangu enzi za mkoloni ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa Isiolo kwa sababu ya homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kuelekea nyanda za juu, na baba alikua akisikia wazee wake wakilalamikia kizuizi hicho. Mtu hulalamikia jambo kwa miaka mingi mpaka akalijua kwa moyo. Basi akatoa amri: wagonjwa wakae upande ambao upepo hauelekei kwa wazima. Maji yao yawe mbali, na chombo chao kisivuke. Anayewahudumia aanze kwa wazima, amalizie kwa wagonjwa, kisha anawe na abadilishe viatu. Asiingie kuku mgeni, asitoke wa kwetu. Mke wangu aliporudi jabalini na salio jipya, afisa alimwambia mambo yale yale, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba baba hakutoza.

Elimu ilikuwepo bomani siku zote. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuku anastahili kutumiwa elimu hiyo.

Amri ilikuwa nzuri. Kilichobaki ni binadamu.

Hospitali ilifunguliwa kwenye kizizi cha wanambuzi, nao wanambuzi wakahamia jikoni, wakala kamba ya ndoo na ukurasa wa hesabu wa mwanangu. Mlinzi wa hospitali alikuwa huyo huyo mwanangu, ambaye baada ya muda mfupi alionekana ana peremende nyingi kuliko kipato chake. Ilibainika kwamba alikuwa akiwatoza watoto wa jirani kiingilio ili wamwone jogoo akipiga chafya. Waliolipa zaidi waliruhusiwa kumshika. Kisha kila mmoja alirudi kwao, akaingia bandani kwa kuku wao na mikono ile ile.

Upande wa tiba, Yeyo, mama yangu, hakuridhika na dawa ya pakiti peke yake. Alichemsha sukuroi, ule mshubiri wetu mchungu, ili maji yake yachanganywe kwenye chombo cha kuku. Akaiacha sufuria ipoe kando ya moto. Wakapita wazee wawili waliotoka sokoni. Sasa kwetu mzee akikuta sufuria yenye maji ya rangi, machungu, yenye harufu ya mizizi, hahitaji kuuliza. Supu yetu hutiwa miti ya dawa, na supu ni heshima ya mgeni. Walijimiminia. Wakanywa mpaka chini. Mmoja akasafisha koo, akasema mbuzi huyo alikuwa mzee lakini dawa yake imefika mahali pake. Yeyo hakusema kitu. Adabu ni adabu. Ila kwa siku kadhaa alitutuma tupite kwao kusalimia, na kila mara wazee walisema hawajawahi kujisikia vizuri hivyo. Kuku walikunywa maji matupu.

Kisha shangazi akafika kutoka Kipsing, na mkononi ana jogoo.

Serikali ilipopiga marufuku kuku kutoka Uganda mwezi Januari 2017, baada ya homa ya ndege kuonekana huko, ilikuwa na wizara, polisi na mpaka. Mke wangu alikuwa na kizingiti cha mlango. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, kuanzia siku hiyo mnaitana pakiteng maisha yenu yote. Kwa jogoo hakuna jina la kuitana, lakini ukimkataa, lawama zake ni za ng'ombe mzima.

"Karibu shangazi," mke wangu alisema, "na jogoo karibu, ila yeye atalala peke yake kule kwenye tangi bovu."

"Jogoo wangu amefanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa, shangazi. Ni wetu wanaoumwa."

"Kama wanaoumwa ni wenu, mbona anafungwa wangu?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake yote. Shangazi alilala kwetu akiwa amenuna, na kila jogoo wake alipowika ndani ya tangi la bati, sauti ikatoka mara tatu yake, yeye aliguna: "Msikieni mfungwa." Ili kumtuliza, ikabidi achinjwe mbuzi. Ukipiga hesabu, jogoo wa bure alitugharimu mbuzi, na bado alikuwa akila mahindi yetu.

Lakini yote hayo ni mzaha ukilinganisha na soko. Mwenye kuku anayekohoa hangoji daktari, hungoja mnunuzi. Jirani yetu aliposikia chafya ya kwanza bandani kwake, aliwakusanya wote, akawafunga miguu, akawapeleka sokoni kabla nyuso hazijavimba. Wengine walipakiwa juu ya lori la Isiolo. Mmoja, tetea mzuri wa madoa, alinunuliwa kwa bei ya kutupa na binamu yangu, ambaye alifurahi sana na kumleta nyumbani kwake, hatua chache kutoka kwa yule yule aliyemuuza. Ugonjwa ulikwenda sokoni na kurudi, nauli juu ya watu wengine. Mafua hujitokeza ndani ya siku moja hadi tatu, kwa hiyo binamu hakupata hata yai moja la kujivunia.

Wetu wengi walipona. Hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: kuku aliyepona mafua haya huendelea kuyabeba, akawaambukiza wageni ilhali yeye mwenyewe mzima. Dada yangu alikuwa tayari ameomba apewe tetea aliyepona, kwa hoja kwamba huyo sasa amekomaa. Mke wangu alikataa. Akaamua kundi lile lizeeke pamoja, lisiuzwe wala kuongezewa kuku mwingine, na siku za dawa zikiisha liliwe nyumbani, banda lisafishwe, likae tupu, ndipo vifaranga wapya waingie. Baba na Yeyo hawali ndege. Wageni waliotutembelea msimu huo walirudi kwao wakisifu ukarimu usio na kifani.

Chanjo ya kideri ilingoja vifaranga hao wakue kidogo, maana kuku mgonjwa hachanjwi. Inatengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali, na huwekwa tone moja jichoni. Yetu ilisafiri kutoka Isiolo ndani ya thamosi yenye barafu, na njia nzima dereva alimnyima mke wangu amani kwa kuomba chai. Chupa ilikuwa ya dozi 100. Ikishachanganywa lazima imalizwe ndani ya saa chache, na sisi kuku mia hatuna. Basi boma zote za jirani zikaalikwa, binamu akiwemo, na yule muuzaji wa haraka pia.

Kuku hukamatwa usiku, wakiwa wamelala. Tuliingia mabandani na tochi. Baba alimshika kuku kwa mara ya kwanza maishani mwake, mikono yote miwili, uso ameugeuza pembeni. Alipoambiwa waliochanjwa wanachanganyika na wasiochanjwa, aliomba kisu awakate alama ya sikio. Alioneshwa kwamba kuku hana sikio la kukatwa. Akashangaa Mungu aliwezaje kuumba mfugo asiyeweza kuwekwa alama, akakubali uzi mwekundu wa shanga mguuni. Kisha akawahesabu wote kwa macho, jinsi anavyohesabu mbuzi langoni jioni, akatangaza mmoja hayupo. Tulimwambia haidhuru. Hakutuelewa. Kundi halifungiwi na pengo. Alizunguka na tochi mpaka akampata juu ya mgunga, akamshusha, akamshikilia jicho likiwa wazi.

Chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na sasa baba ndiye anayekumbusha tarehe. Kuku bado hali. Lakini majuzi alipeleka hoja kwenye kikao cha wazee chini ya mti: atakayeuza kuku anayekohoa alipe faini ya mbuzi mmoja. Yule jirani yetu alisimama akapinga kwa nguvu, akisema mbuzi mmoja hununua kuku tele, na faini haiwezi kuzidi thamani ya kosa.

"Kwa hiyo unajua bei ya mbuzi," baba akamjibu. "Leta huyo, tuone kama utamkumbuka kuku."