Nguo Zetu Kwenye Mizani

Nyumba tunayopanga haina uwani. Wapangaji wa zamani wanasema ulikuwepo, mpaka mwenye nyumba alipogundua kwamba pale penye kamba za nguo panatosha vyumba vinne vya kupangisha na choo cha nje. Akajenga. Vimebaki vibaraza vya ghorofani, na huko nako kabandika tangazo ngazini: NI MARUFUKU KUANIKA NGUO VIBARAZANI. Tangazo limepigwa mhuri, sijui wa ofisi gani, maana mwenyewe anauza mabati.

Maji nayo ni ya boza. Boza likifika, kila mtu anakimbilia madumu, salamu baadaye. Sasa chukua suruali ya jinzi, ambayo hata ukiisuuza mara ya tatu maji bado yanatoka na rangi, halafu kumbuka bei ya boza. Hapo ndipo mama watoto alipotoa hukumu: nguo ziende kwa wale wenye mashine pale karibu na kituo cha daladala. "Watu wote wanapeleka huko," akasema. Mke wangu akisema watu wote, anamaanisha wenzake wa kikoba.

Mimi sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni kwamba niliahidiwa kufua kumekwisha nyumbani kwangu. Hakujaisha. Kumekuwa kuwili: kule nalipa, na huku nainama.

Tuanze na mizani. Duka lile linatoza kwa kilo. Unafika na furushi, kijana anakwambia "Shikamoo, mzee," na kabla hujamaliza marahaba furushi linaning'inia kwenye mizani ya ndoano, ile wanayopimia samaki kule Feri. "Kilo tisa na nusu!" anatangaza, kama kwamba kuna mnada. Watu kwenye foleni wanageuka, wanalitazama furushi, kisha wananitazama mimi. Unasoma nyusoni mwao kwamba hawa wameuweka uchafu tangu mfungo.

Mama watoto aliposikia bei ya kilo tisa na nusu, alikaa kitako akaanza kupanga upya. Anainua nguo moja moja kwa mkono, anaipima kwa macho yaliyofumbwa nusu. Jinzi? Nzito, ibaki. Taulo? Linabeba kilo peke yake, libaki. Koti la kazini? Libaki. Blanketi halipimwi kwa kilo, lina bei yake ya peke yake, na bei hiyo unanunua blanketi lingine la mtumba, basi libaki. Alipomaliza, furushi la dukani lilikuwa na vitambaa vya kichwa, blauzi za kuteleza, foronya na jezi yangu ya Simba. Yaani vitu ambavyo bibi yangu angevifua huku anapika ugali ndivyo vinavyokwenda kuzungushwa kwenye mtambo wa mamilioni, na vile vinavyovunja mgongo vimebaki bafuni vinanisubiri mimi. Nilipouliza kwa nini mimi, nikaambiwa jinzi ni zangu.

Halafu kuna nguo za ndani. Hapa hakuhitajika kikao. Nguo ya ndani unaifua mwenyewe, wakati wa kuoga, na unaianika mahali ambapo jua linaiona na mkwe haioni. Mashine haijagusa sheria hiyo hata kidogo. Pale dukani kwenyewe wameandika kwa wino mwekundu kwamba hawazipokei. Nami nawaunga mkono. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema aupeleke ukapimwe kwa kilo mbele ya abiria wa daladala. Basi beseni lipo, sabuni ya mche ipo, na kwa kuwa kibarazani ni marufuku, kamba imefungwa bafuni, kutoka bomba la mvua hadi msumari wa kioo. Shemeji yangu alikuja Jumapili akaomba kunawa kabla ya chakula. Alifungua mlango, akasimama kidogo, akarudi mezani mikono ikiwa mikavu. Akala kwa kijiko.

Khanga je? Kijana kazikataa. "Hizi mpya zinachuja, mzee. Nikizichanganya na mashati ya wateja nitalala kituoni." Ana haki. Lakini nyumba yenye ndugu wengi haikosi khanga mpya: kila harusi ina sare yake, kila kitchen party ina yake, na shangazi akifiwa napo kuna doti. Zote zinarudi kwenye beseni, zinalowekwa na chumvi, na mimi natembea na vidole vya zambarau ofisini kama mtu aliyetoka kupiga kura mara tano.

Mashati ya shule yalikwenda mara moja tu. Watoto wangu wanavaa shati jeupe, na shati jeupe la mtoto wa shule ya msingi lina kitu kwenye kola ambacho wanasayansi wangekichunguza. Mashine ililizungusha, ikalisuuza, ikalikausha, na ule mstari wa kola ukabaki palepale, sasa ukiwa umepigwa pasi. Mama watoto aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha bila kusema neno, akaenda kulifikicha upya kwa kipande cha sabuni. Tangu hapo mashati yamestaafu safari.

Kuna na habari ya lebo. Nina sweta la sufu la kwendea Njombe. Ndani ya shingo lina kile kichoro cha beseni lililotumbukizwa mkono, ambacho maana yake ni kwamba nguo ifuliwe kwa mkono, kwa upole. Nikamwonyesha kijana. Akakitazama kwa makini kama daktari, akasema, "Hiyo ina maana inaruhusiwa kuingia kwenye maji." Sufu ukiipiga maji ya moto na kuisukasuka, nyuzi zake zinashikana na kujikunyata, wala hairudi saizi yake hata ukiivuta kwa punda. Sweta likarudi likiwa saizi ya mwanangu wa darasa la pili, ambaye hajawahi kufika hata Morogoro.

Lakini kinachonikera kupita vyote ni mashine ya kukaushia. Huu ni mji ambao ukiacha kandambili nje saa saba mchana, ukirudi unazikuta zimepinda. Jua tunalo mwaka mzima, la bure, halihitaji LUKU. Nasi tumelifungia nje na mhuri wa muuza mabati, tumeingia kwenye chumba chenye feni, tunanunua umeme ili hewa ya moto izunguke kwenye pipa na kukausha foronya. Na bei ya kukausha iko peke yake, haimo kwenye ile ya kufua. Nilipouliza kama naweza kuzichukua mbichi, kijana akacheka akidhani natania.

Wenye kuelewa historia wanasema biashara hii ilianza Fort Worth, kule Texas, mwezi Aprili mwaka 1934. Jamaa mmoja aliweka mashine nne za umeme, akawa anazikodisha kwa saa. Ulikuwa wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana fedha za kununua mashine, basi wanakwenda na nguo zao, wanafua wenyewe, wanaondoka. Kwa maneno mengine, ilikuwa dawa ya ukata. Imevuka bahari, imepita miaka, imefika kwetu, imegeuka kuwa dalili kwamba mtu mambo yake safi. Siku hizi ukikutwa na beseni watu wanakuonea huruma.

Mama watoto ana hoja yake, na si haki niifiche. Alinionyesha kwenye simu mhadhara wa Profesa Hans Rosling, Mswidi ambaye zamani alifanya kazi ya udaktari Nacala, Msumbiji. Ni mhadhara wa mwaka 2010, unahusu mashine ya kufulia. Anasimulia siku mashine ilipoingia kwao: bibi yake, aliyekuwa amechemsha maji kwa kuni na kufua kwa mkono maisha yake yote, aliomba abonyeze kitufe yeye, kisha akavuta kiti akaketi mbele ya mashine, akaitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama yake naye, akiwa amepata nafasi, akawa anakwenda maktaba kuazima vitabu na kumsomea mwanawe. Ni simulizi nzuri, na mke wangu aliposimamisha video alinitazama kwa namna ambayo niliona bora nisibishe. Mikono iliyofua nyumba hii kwa miaka si yangu, na hilo nalijua.

Tatizo ni kwamba bibi yule alikuwa nayo mashine nyumbani. Mimi kiti nimevuta dukani, na nafasi niliyoipata ni ya kukaa kwenye benchi la chuma kati ya mtu anayesikiliza mahubiri kwa sauti na mtoto anayenipanda. Ukiacha mzigo uende zako, utarudi kesho uambiwe bado. Ukikaa ukaukodolea macho, unafuliwa. Hivyo ndivyo duka linavyokwenda, na aliyenifundisha ni jirani yangu wa mlango unaotazamana na wetu, mzee mmoja mstaafu, mwana Yanga wa kuzaliwa, ambaye hufika na begi lake la zipu limefungwa kwa kufuli dogo.

Siku moja tumekaa naye pale, umeme ukakatika. Hizi ni mashine za mlango wa mbele, zenye kioo cha duara, na mlango unajifunga maji yakiwa ndani. Nguo zangu zikasimama katikati ya povu, na juu yao kabisa, imeganda kwenye kioo, jezi ya Simba. Duka zima likawa halina kingine cha kutazama.

"Ile nyekundu ya nani?" mzee akauliza kwa sauti ya mkutano, na jibu analijua.

Nikamwita kijana. "Fungua mlango nichukue vitu vyangu, nitasuuza nyumbani."

"Haufunguki mpaka maji yatoke, mzee."

"Yatoe basi."

"Hayatoki mpaka umeme urudi."

"Na umeme unarudi lini?"

"Huo sasa uko juu ya uwezo wangu."

Tulikaa. Mzee akatoa karanga mfukoni, akanigawia, huku akinieleza taratibu kwamba hata mashine imeshindwa kuisafisha Simba. Watu wanne nisiowajua walikubaliana naye. Umeme uliporudi nilishajua matokeo yote ya watani wa jadi ambayo mtu wa Yanga hupenda kuyakumbuka, na mashine ikaanza kufua upya kuanzia mwanzo, kwa sababu ilikuwa imesahau ilipofika.

Baada ya hapo nikakataa kwenda. Mama watoto hakusumbuka, akasema siku hizi mzigo unaweza kufuatwa na kurudishwa kwa bodaboda, nauli juu yetu. Basi jana jioni bodaboda akaja, akapiga honi, akanikabidhi mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, akalipwa, akaondoka. Tukaufungua sebuleni. Shati la kwanza lilikuwa la mikono mirefu, limepigwa pasi, kola safi kabisa. La pili vilevile. Mama watoto akalipima begani kwangu, akasema, "Hili linakukaa." Nikamwambia mimi sina shati la hivyo. Akaendelea kutoa. Kanzu. Soksi ndefu za kizee. Jezi ya Yanga, ya kijani, ya miaka ile kabla wachezaji wa sasa hawajazaliwa. Na chini kabisa, zimekunjwa pembe kwa pembe kama leso za harusi, bukta za ndani na singlendi.

"Kumbe wanapokea!" mama watoto akasema, na sikuipenda sauti aliyosemea.

Sasa, nguo za mzee ziko kwetu, na zetu bila shaka ziko kwake, hatua chache kutoka mlango wetu, na muda huu amekaa anaitazama jezi yangu. Nani azipeleke? Mimi nimesema siwezi kugonga mlango wa mtu mzima nimeshika bukta zake. Mama watoto amesema yeye ndiyo kabisa. Tukawaza kumtuma mtoto, mtoto akauliza kwani hizi ni za nani, tukamrudisha chumbani. Mwishoni nimempigia yule wa bodaboda aje auchukue mfuko hapa mlangoni auvushe kwenye mlango wa pili, arudi na wetu. Amekubali. Nauli, amesema, ni ileile, na kwa kuwa ni kwenda na kurudi, ni mara mbili.