Soja wa Barua Zangu

Mimi siwachukii masoja. Ukiishi Kamere huwezi kuwachukia, maana nusu ya majirani zako wanafanya kazi kwenye mashamba ya maua hapa kando ya Ziwa Naivasha, na kila jioni wanafungua mikoba getini kuonyesha kwamba ndani mna bakuli tupu na leso, hamna waridi. Ni haki ya soja kuuliza. Lakini hata yule mkali kuliko wote hajawahi kukunyang'anya barua, akaisoma, akaigonga muhuri wake mwenyewe, halafu ukaambiwa huwezi kuipokea kwa sababu muhuri huo haujulikani. Kazi hiyo imeachiwa programu ya kuzuia virusi.

Nina saiba ndogo hapa senta. Ninachapa CV, naskani vyeti, nawajazia watu ritani za KRA, hasa wiki ya mwisho ya Juni wanapokumbuka wote kwa pamoja kwamba tarehe 30 ndiyo mwisho. Vijana hunicheka kwa sababu bado natumia programu ya barua pepe iliyo ndani ya kompyuta. "Mzee, si uingie Gmail tu kwa simu?" Haya, ingieni. Bando likikata, mnabaki mkitazama kile kiduara kikizunguka. Barua zangu mimi hushuka zote zikakaa kwenye mashine, na intaneti ikipotea nazisoma vilevile. Ndivyo nilivyokuwa nikijivunia.

Hiyo programu ya kuzuia virusi nililipia. Naomba hilo lieleweke kabla hatujaendelea. Sikuipakua kwa njia za panya, sikupewa na binamu. Nililipa mwaka mzima, na asubuhi moja ikajisasisha yenyewe bila kuniuliza. Kuanzia hapo kila nikitaka kupokea barua naambiwa cheti cha seva hakiaminiki.

Nikapigia simu watu wa barua. Wakasema seva yao ni nzima, niulize watu wa kinga. Nikapigia watu wa kinga. Binti mmoja mwenye sauti tamu akasema programu yao ni nzima, niwaulize watu wa barua. Nilitamani niwaunganishe kwa laini moja waposane.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Siku hizi barua husafiri zimefungwa kwa siri: za kuingia hupitia mlango nambari 993 au 995, za kutoka 465 au 587. Soja wetu hawezi kukagua kitu kilichofungwa, kwa hiyo hujiweka katikati. Anaifungulia seva akijifanya yeye ndiye mimi, anaisoma barua, anaifunga upya, kisha anaikabidhi kwa programu yangu ya barua akijifanya yeye ndiye seva, akiwa na cheti alichojiandikia mwenyewe. Programu za barua zinazotegemea orodha ya vyeti ya Windows humkubali, kwa kuwa siku ya kusakinishwa alijiandikisha humo kimyakimya. Nyingine, kama matoleo ya zamani ya Thunderbird, zina orodha zao zenyewe. Zinatazama cheti, zinatazama sahihi, zinasema huyu hatumjui. Na kusema kweli ziko sawa! Mtu anayekaa katikati ya njia akisoma barua za watu kwa cheti alichojitengenezea ndiye hasa tuliyetahadharishwa naye miaka yote.

Siwezi kusema ukaguzi huu ulizuka bila sababu. Mei 2000 barua yenye kichwa cha kusema "nakupenda" ilitoka Ufilipino ikaenea dunia nzima. Kiambatisho chake kilijifanya maandishi ya kawaida, kumbe ni programu iliyojituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu chako cha anwani. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake. Watu wazima wenye mishahara na tai waliibofya kwa kuwa waliamini kuna mtu ofisini anawapenda. Baada ya aibu kama hiyo, ni nani angekataa soja?

Lakini soja huyu hajui kipimo. Cheti kilikuwa mwanzo tu. Siku chache baadaye nilifungua kikasha changu nikakuta cheupe, hakuna hata barua moja ya kusingiziwa. Na siku hiyohiyo, bila shaka, akaingia mama mmoja wa shamba la jirani.

"Baba Wambui, ile barua ya HR imefika?"

"Mama, hata zile za mwaka jana zimeondoka."

"Zimeenda wapi?"

"Karantini."

Akarudi nyuma hatua moja, akavuta leso hadi puani. Nikamwambia si ile karantini ya korona, lakini hakusogea tena.

Kumbe programu nyingi za barua pepe kama yangu huweka barua zote za kikasha katika faili moja refu. Ndani ya zangu kulikuwa na takataka moja ya mtu anayedai nimeshinda bahati nasibu ya nchi nisiyowahi kukanyaga, yenye kiambatisho kibaya. Soja akakinusa, na badala ya kumkamata huyo mmoja, akakamata faili zima na kulifungia. CV, ankara, barua za mwaka jana, zote mahabusu kwa kosa la jirani.

Nikaita fundi, kijana kutoka Karagita. Alifika na matatu ya Kongoni, akaomba chai kwanza. Akalitoa faili karantini, akaifuta ile takataka, akaiambia programu isiguse tena folda ya barua, kisha akazima kile kipengele cha kukagua barua zikiwa njiani.

"Sasa virusi si vitaingia, kijana wangu?"

"Mzee, ukifungua kiambatisho ama ukikisevu, itakikagua tu hapo. Hii ilikuwa inakukagulia mara mbili."

Mara mbili! Na ada ni ileile.

Barua zikaanza kumiminika. Ila sasa pembeni mwa skrini kuna alama nyekundu isiyotoka, inasema kompyuta yangu iko hatarini, na chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani: Rekebisha. Ukikibonyeza, kila alichozima fundi kinawaka upya. Msaidizi wangu ni kijana mtiifu, akiona kitu chekundu hana amani, na tayari amenirekebishia. Fundi imebidi arudi, na nauli yake nikalipa mimi. Sasa nimebandika karatasi juu ya skrini kwa herufi kubwa: KOMPYUTA HII IKO HATARINI, USIREKEBISHE. Wateja wanaisoma wakiingia, na wengine wanageuka na vyeti vyao kwapani.